Tundu Ambalo Beatus Hakulitanua

Mwalimu Polycarp hakuwa na habari. Likizo yote alikuwa kwao Songea. Alisimamisha Subaru yake mbele ya gereji ya Lipangalala, akapiga honi mara mbili kama alivyozoea, akashuka huku akifuta miwani. Mlango wa bati ulikuwa nusu wazi. Ndani alikuwamo Yosefina, mke wa fundi Beatus, naye pia fundi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hafanyi kitu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Jane. Nimemfuata fundi Beatus. Gari hili linanitesa."

"Beatus amefariki," Yosefina alisema. "Wiki ya tatu sasa. Aliumwa na nyoka shambani Chita, tukivuna mpunga."

Aliyasema kwa sauti ile ile anayomwambia nayo mteja kwamba bearingi za nyuma hazipo mjini. Mwalimu alivua kofia, akaishika kifuani, akasema pole, pole sana, Mungu wangu. Yosefina akajibu, "Nimeshapoa," kama adabu inavyotaka. Kisha akauliza gari lina nini.

"Hapana, mama, acha. Nitalipeleka Morogoro."

"Lina nini?"

Mwalimu akaeleza kwa aibu, kama mtu anayesema maneno ya kawaida kanisani. Tangu Beatus amfungie bomba pana la ekzosi, gari lilikuwa na nguvu ajabu. Lakini akiwa kwenye lami ya kwenda Kiberege, akikanyaga mafuta ili alipite lori, gari linavuta vizuri, linavuta, halafu linakata ghafla kama limepigwa teke. Mara ya mwisho lilikata akiwa upande wa pili wa barabara, basi linakuja mbele yake.

Yosefina alinyoosha mkono kuomba funguo.

Hakuwa amevaa ovaroli tangu msiba. Alikwenda vile vile, na kitambaa chake cheusi kichwani. Walipoliacha daraja dogo la mwisho, alikanyaga mafuta hadi chini na kuitazama geji ya presha ambayo Beatus aliifunga juu ya dashibodi. Mshale ulitakiwa utulie kwenye sifuri nukta nane. Ulifika nukta nane, haukutulia. Ukapanda taratibu hadi moja, ukapita, ukafika moja na nukta mbili, na gari likakata. Vichwa vyao vilikwenda mbele. Mwalimu alishika mlango kwa mikono miwili. Yosefina alirudia mara ya pili, na ya tatu, bila kubadili uso.

Alijua ni nini. Turbo, inayoisukumia injini hewa, huzungushwa na moshi wa injini yenyewe, na moshi ukizidi, kuna kimlango kidogo, mafundi wanakiita westigeti, hufunguka ili moshi wa ziada upite pembeni. Kimlango hiki kilikuwa kinafunguka. Ila tundu lake lilikuwa lile la kiwandani, lililopimwa kwa bomba jembamba. Ukiweka bomba pana moshi unatoka mbio, turbo inazidi kuzunguka, na tundu linashindwa kuupunguza. Presha inajipandia yenyewe mpaka kompyuta ya gari inakata mafuta. Ikichelewa kukata, pistoni inatoboka.

Lakini Beatus alikuwa ametanua lile tundu. Alimwambia hivyo. Jioni moja mwezi wa tano, ananawa mikono kwa omo, alimwambia: "La mwalimu nimelimaliza. Na tundu nimetanua." Asubuhi yake wakaondoka kwenda Chita kuvuna.

"Niachie siku mbili," alimwambia mwalimu.

Kesho yake alivaa ovaroli. Mama mkwe wake, Bibi Angelina, alikuwa uani anachambua mchele. Alimwona akipita, akaacha ungo mapajani.

"Yosefina. Arobaini haijafika."

"Najua, mama."

Akaendelea na njia yake ya gereji. Maneno mengine yalikuwa yamekwisha kusemwa na watu, makaburini na baadaye. Kwamba mjane wa Beatus hajatoa chozi. Kwamba jeneza liliposhushwa alikuwa anatazama kamba kama anayekagua fundo. Ilikuwa kweli. Alikuwa anatazama fundo. Alingoja kulia kama mtu anavyongoja chafya, haikuja, na baada ya siku kadhaa aliacha kungoja. Chakula alikula. Usingizi alilala. Binti yao Jane aliporudi shule ya bweni Mahenge akampigia akilia, alimsikiliza mpaka salio likaisha.

Alifungua turbo ikiwa bado asubuhi. Nati mbili ziligoma kwa kutu, akazimwagia mafuta, akangoja, akazilegeza. Alipoitenganisha nyumba ya turbo, lile kasha lake la chuma, na kuigeuza kwenye mwanga, aliliona tundu. Dogo, la mviringo safi, na ukingo wake bado una mstari wa kiwandani. Halikuguswa hata na tupa.

Alilitazama kwa muda mrefu. Akalipitishia kidole. Kidole kilizunguka ukingoni, kikakuta ulaini uleule.

"Ulisema umetanua," akasema.

Akachukua rula na msumari, akachora duara jipya nje ya lile la zamani, akiacha chuma cha kutosha ukutani kisije kikapasuka kwa moto. Kisha akawasha grainda ndogo. Kazi hiyo haina haraka. Ukila upande mmoja kupita kiasi, nyumba nzima ni ya kutupa. Aligusa kidogo, akazima, akapima, akagusa tena. Vumbi la chuma lilimwingia puani. Kila alipozima alisikia pikipiki barabarani, na kila alipowasha hakusikia kitu, na hapo kwenye kutosikia alipapenda.

Kifuniko cha zamani cha tundu sasa kilikuwa kidogo. Alichagua vali ya lori bovu kwenye debe la vyuma, akakata kichwa chake, akakisawazisha, akakifunga kwenye mkono wa westigeti huku akikiachia kicheze kidogo ili kikae chenyewe juu ya tundu. Alikisaga kwa unga wa vali mpaka pete ya kijivu ikaonekana sawasawa pande zote.

Bibi Angelina alimkuta hapo, amebeba wali kwenye hotipoti. Aliweka chakula juu ya benchi, akasimama.

"Watu wananiuliza kama ulimpenda mwanangu."

Yosefina alifuta mikono. Akaokota nyumba ya turbo, akamwonyesha.

"Unaona hili tundu, mama? Mwanao aliniambia amelitanua. Hakulitanua. Alinidanganya, akaenda zake Chita. Mwalimu nusura agongwe na basi." Sauti yake ilikuwa imepanda. Aliishangaa. "Ningemuuliza kwa nini. Hicho tu. Ningemuuliza."

Bibi Angelina aliangalia lile tundu asiloelewa lolote kuhusu kazi yake. Midomo ikamcheza.

"Alikuwa hivyo tangu mdogo," akasema. "Ukimwambia kaoge, analowesha miguu tu, anarudi anasema nimeoga. Namshika shingo, kavu."

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi, na katikati kicheko kikageuka, akawa analia, kilemba kimemwangukia usoni. Yosefina alikwenda akakaa tairi hilohilo. Hakulia. Lakini mgongo wa yule mama ulitetemeka dhidi ya bega lake, na aliusikia, ulikuwa na joto. Wakakaa hivyo. Halafu wakala wali ukiwa umeshapoa.

Siku ya pili Yosefina alirudisha turbo mahali pake, akafunga gasketi mpya, akarekebisha kifimbo cha kuvutia kimlango. Mwalimu alikaa kiti cha pembeni, mkanda umembana. Kwenye lami Yosefina alikanyaga mafuta hadi chini. Mshale ulifika nukta nane ukatikisika, ukabaki. Mashamba yaliyokwisha kuvunwa yalipita pande zote, lori likapitwa, na mshale bado uko pale.

"Aa!" Mwalimu akapiga goti. "Sasa ilikuwa nini, mama?"

Angeweza kusema chuma kilichakaa. Angeweza kusema lolote.

"Tundu lilitakiwa litanuliwe siku ile ya bomba. Halikutanuliwa. Kosa ni letu, mwalimu. Utusamehe."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta. "Alikuwa fundi mzuri," akasema.

"Alikuwa fundi mzuri," Yosefina alikubali. "Na siku ile hakufanya."

Arobaini ilisomewa misa, watu wakajaa uani. Chozi la Yosefina halikuja hata siku hiyo. Jirani yao Scolastica, akikoroga chungu cha maharage, alimwinamia Bibi Angelina na kumwambia kwamba mkwe wake ana moyo wa jiwe, tena alionekana gereji kabla ya arobaini.

"Nilikuwa naye," Bibi Angelina alisema. "Nipishe nichukue kuni."

Jumatatu Yosefina alifungua mlango wa bati wote, pande mbili. Kulikuwa na gari aina ya Noah limevuja maji. Akainua boneti.