Kama Huna Hakika, Jibu Hapana

Hapana, hakuwa amelewa. Wala hakusinzia kazini. Hayo ni maneno ya watu, na mdomo wa mtu hauna kufuli. Bisibisi alikuwa mzima kabisa, tumbo limeshiba, macho makavu, siku aliyofanya lile jambo. Ukitaka kujua kosa lilikuwa la nani, lazima nikupitishe kwanza kwa dada yake, maana bila dada yake habari hii haina miguu ya kusimamia.

Dada yake walimwita Mama Maelezo. Kazi yake kuandika. Si vitabu, la. Unajua kila kompyuta ina kiini chake, ile programu ya ndani kabisa inayoamsha vitu vingine vyote. Sasa kiini hakiji kimeshonwa tayari kama shati la dukani. Anayekijenga huulizwa maswali kwanza, maelfu kwa maelfu: unataka hiki kiwemo? Ndiyo au hapana? Na hiki je? Na chini ya kila swali pana maneno machache ya kumwongoza mjenzi. Hayo maneno machache ndiyo yaliyokuwa shamba la Mama Maelezo. Alilima humo miaka kumi na mitano, kwenye meza ndogo chumbani kwake, karibu na dirisha lisilofunga vizuri. Watu asiowajua walimsoma, wala hawakujua kama aliyeandika ni mama wa watu au kijana wa chuo.

Na walikuwa na desturi yao, hao wa kazi hiyo. Mwandishi akichoka, au akikutana na swali ambalo hata yeye halijamkaa sawa, anamalizia na mstari mmoja: "Kama huna hakika, jibu hapana." Mstari huo ulikuwa kama chumvi, hakuna chungu ulichokosa. Nani aliuanza? Hakuna aliyeuliza. Ulikuwa mfupi, una adabu zake, na unamtua mwandishi mzigo.

Mdogo wake huyo Bisibisi alikuwa fundi. Jina alilipata ana miaka sita, alipoifungua redio ya baba yao ikabaki vipande mkekani, baba akacheka badala ya kumchapa. Ukubwani akawa anatengeneza visanduku vya kuongozea vitanda vya joto, vile wanavyolazwa watoto njiti hospitalini, wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Ndani ya kisanduku mna kompyuta ndogo, inampima mtoto joto, inawasha hita na kuizima. Akijenga kiini cha hiyo kompyuta, Bisibisi akafika kwenye swali la mlinzi.

Mlinzi kazi yake ni moja tu, kuikodolea macho kompyuta. Ikiganda, yaani ikikwama isijibu chochote, anahesabu kidogo, kisha anaizima na kuiwasha upya. Lakini maelezo chini ya swali yalisema hivi: "Huongeza mlinzi wa muda. Huchukua nafasi kidogo kwenye kiini. Kama huna hakika, jibu hapana." Bisibisi hakuwa na hakika. Akajibu hapana, akaenda swali linalofuata.

Miezi saba vitanda vikafanya kazi, watu wakamsifu. Halafu siku moja, saa nne asubuhi, kisanduku cha kitanda cha tatu kikaganda. Kiliganda wakati hita imejizima. Na kioo chake kikaganda kikionyesha ile nambari nzuri ya joto, thelathini na sita na nusu. Muuguzi alipita mara tatu. Mara zote tatu alitazama kioo, akaandika thelathini na sita na nusu, akakimbilia mtoto mwingine, maana wauguzi walikuwa wawili na watoto kumi na mmoja. Saa saba mama wa mtoto, mshona nguo mmoja hivi, akapenyeza mkono amguse mwanawe miguu. Miguu ilikuwa baridi kama bati.

Tuache hapo. Kuna mahali maneno hayafai kufika.

Ikaundwa kamati. Ikaamuliwa Bisibisi aitwe Jumamosi saa nne, na minong'ono ikasema watamnyang'anya leseni ya ufundi moja kwa moja, asishike mashine ya hospitali tena maisha yake. Alhamisi akaja kwa dada yake, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Wanasema nilimwondoa mlinzi kwa uvivu. Dada, mimi sikumwondoa. Niliulizwa, nikajibu kama nilivyoshauriwa."

"Ulishauriwa na nani?"

"Na maelezo! Yenyewe yanasema kama hujui, sema hapana. Sasa wananicheka. Mmoja kaniambia, 'Fundi mzima na ndevu zako, unaongozwa na mistari mitatu?'"

"Mistari ya swali gani?"

Akamtajia. Mama Maelezo akasema, "Ingia basi unywe hata maji." Bisibisi akatikisa kichwa, akaondoka.

Sasa katika kazi ile kila mstari una kumbukumbu yake: nani aliuandika, siku gani, kwa sababu gani. Mama Maelezo akafungua kumbukumbu, akashuka nayo polepole hadi chini kabisa. Akakuta jina lake. Miaka kumi na mmoja nyuma, siku ya Ijumaa. Siku hiyo peke yake alikuwa ameandika maelezo ya maswali arobaini na moja. Akajaribu kuikumbuka siku yenyewe, alikuwa anaumwa? Alikuwa na wageni? Hakukumbuka kitu. Ilikuwa siku kama siku nyingine, na hilo likamchoma kuliko kama angekuwa na kisingizio.

Asubuhi ya Ijumaa akampigia Msimamizi, yule anayeamua maandishi gani yapite na yapi yarudi.

"Rekebisha tu, Mama Maelezo, hilo halina ubishi. Tuma, nitalipitisha haraka."

"Na kwenye sababu niandike nini?"

"Andika 'kufafanua maelezo'. Maneno mawili yanatosha."

"Mtoto amekufa."

"Nisikilize," Msimamizi akasema. "Maelezo si sheria. Kila mjenzi anajibu kwa hiari yake. Tukianza kuandika misiba humo, kesho hakuna atakayethubutu kuandika hata sentensi. Na wewe mwenyewe kazi utabaki nayo? Usijipalie makaa, mama."

Akakaa kuandika. Andiko la kwanza likatoka limejaa maneno makubwa, hata yeye likamtisha. Akalichukua mpaka sebuleni, mama yao, aliyekaa naye nyumba moja, alipokuwa anachambua mchele kwenye sinia. Mama yao aliishia darasa la nne, lakini akikuuliza swali, ujue utatoka jasho.

"Nikusomee kitu, mama. Uniambie kama kinaeleweka."

"Ni kile cha mdogo wako? Nisomee kwanza cha zamani, kilichomponza."

Akamsomea. Mama yao akaendelea kutoa chenga, moja, mbili.

"Nikisema hapana, kunatokea nini?"

"Hakisemi."

"Na nikisema ndiyo?"

"Kinasema nafasi kidogo inaliwa."

"Kwa hiyo hasara ya ndiyo kimenitajia, hasara ya hapana kimeimeza." Akacheka cheko kavu. "Aliyeandika hivi alikuwa anawahi wapi?"

"Ni mimi, mama."

Mkono wa mama ukasimama juu ya sinia. Nje mtu alikuwa anapigilia msumari, ko, ko, ko. Mama yao hakumtazama.

"Mdogo wako anajua?"

"Bado."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa kifo kimeshatangulia, sijui unamficha nani tena." Akausogeza mchele pembeni. "Kaandike upya. Na uandike nielewe mimi."

Akaandika mara ya pili, mama akamrudisha. Mara ya tatu akamrudisha, akisema, "Hapa tena umeanza kuvaa tai." Mara ya nne ikawa hivi:

"Mlinzi huyu huiwasha kompyuta upya ikiganda. Ukijibu hapana, kompyuta ikiganda itabaki hivyo mpaka mtu aizime kwa mkono, na kioo kinaweza kuendelea kuonyesha habari ya zamani kana kwamba ni ya sasa hivi. Kama kuna uhai unaoitegemea mashine hii, jibu ndiyo. Kama huna hakika, jibu ndiyo."

Na kwenye sababu akaandika: "Maelezo ya zamani niliyaandika mimi. Yalitaja gharama ya ndiyo, yakanyamazia hatari ya hapana. Mjenzi mmoja aliyafuata, na mtoto mchanga amefariki." Akaituma. Akakaa akitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Jumamosi kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha hospitali, viti vya plastiki, feni ya juu inayolia kila ikimaliza mzunguko. Mwenyekiti alikuwa daktari mzee. Mshona nguo alikaa mbele, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Bisibisi alikaa peke yake upande wa pili, kichwa chini. Walipomaliza kumsomea makosa yake, Mama Maelezo akanyoosha mkono.

"Wewe ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Ni dada yake. Lakini sijaja kama dada. Ile mistari mitatu aliyoifuata niliiandika mimi."

Bisibisi akainua kichwa. Akamtazama dada yake kama mtu aliyeitwa na asiyemjua. Mama Maelezo akasoma ya zamani, akasoma mapya.

"Kwa hiyo fundi hana kosa?" mjumbe mmoja akadakia.

"Sijasema hivyo."

"Ninalo," Bisibisi akasema mwenyewe. "Nilikijaribu kisanduku kinavyofanya kazi. Sikukijaribu kinavyokufa. Ningekigandisha makusudi hata mara moja, ningeona."

Wajumbe wakaanza kunong'onezana habari za leseni, mwaka mmoja au milele. Hapo mshona nguo akauliza:

"Vile vitanda vingine vimejibiwa nini?"

Maana kamati ilikuwa imekiondoa kitanda cha tatu peke yake, ikidhani kina ugonjwa wake.

"Hapana," Bisibisi akasema. "Vyote kumi. Ni kiini kilekile."

"Vina watoto?"

"Tisa," muuguzi akajibu kutoka nyuma, akiwa ameshasimama.

"Basi tutaandika barua Jumatatu," mwenyekiti akasema, "ili idara husika..."

"Jumatatu?" Mshona nguo hakupaza sauti. "Wangu alimalizwa na masaa matatu."

Mwenyekiti akavua miwani, akasema leseni ya Bisibisi imesimamishwa mwaka mmoja kuanzia saa ile, haruhusiwi kugusa mashine yoyote. "Lakini mdomo sijakufunga. Dada yako ataandika, wewe utamwelekeza. Nendeni."

Wakaenda. Muuguzi akawaita mama wa watoto, kila mmoja akafungiwa mwanawe kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi, wakapangwa kwenye benchi wakisubiri. Mama Maelezo akajenga kiini upya, akafika kwenye lile swali, akajibu ndiyo. Kisha kitanda kwa kitanda: fungua kisanduku, toa kikadi kinachobeba kiini, ingiza kiini kipya, washa. Halafu wanakigandisha makusudi, wanahesabu. Mama wote kwenye benchi wakawa wanahesabu nao kimyakimya, midomo inacheza. Hesabu ikifika thelathini, taa inazimika, inawaka, hita inanguruma.

Muda wote huo Bisibisi alisema maneno ya kazi tu. "Skrubu ya kushoto." "Usivute waya huo." Kitanda cha saba kikahesabiwa mpaka sitini, kimya.

"Hukuhifadhi kiini kwenye kikadi kabla ya kukichomoa," Bisibisi akasema. "Rudia, dada."

Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo kumwita dada. Akarudia. Kikaamka.

Mshona nguo alisimama mlangoni mpaka cha kumi. Kilipoamka akaondoka, hakumuaga mtu. Mama Maelezo alitaka kumfuata, Bisibisi akamshika mkono: "Mwache. Utamwambia nini?"

Walifika kwa mama yao jua limeanza kupoa. Mlangoni ndipo Bisibisi akasimama.

"Ungejua atakayeyasoma ni mimi, ungeandika vile?"

"Nisingeandika vile."

"Hilo ndilo linaloniuma."

Simu ya Mama Maelezo ikatikisika. Msimamizi. Maelezo mapya yamepita, aliandika, na yatatoka na kiini kipya. Lakini sababu ameipunguza. Na kuanzia Jumatatu, Mama Maelezo apumzike kidogo mpaka aitwe. Akafungua kumbukumbu. Palipokuwa na maneno yake palikuwa na mawili: kufafanua maelezo. Akampa mdogo wake asome.

"Mtoto wamemfuta," Bisibisi akasema.

"Nitamrudisha. Wakifuta tena, narudisha tena. Kazi si nimeshapumzishwa, wataninyang'anya nini kingine?"

Bisibisi akataka kucheka, kikatoka kitu kingine, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Nyie," mama yao akasema kutoka ndani, "hukumu si mmeshatoka nayo huko? Mnaniwekea mahakama nyingine mlangoni pangu! Wali unapoa. Ingieni mnawe."

"Sina njaa, mama," Bisibisi akasema.

"Nani kakuuliza njaa? Nimesema unawe."

Akanawa. Dada yake akamshikia birika, kisha akalishika yeye, dada akanawa. Mama yao akaweka sinia la wali katikati ya mkeka, na bakuli la maharage pembeni, akakaa wa kwanza kwa magoti yake mabovu, akigumia. Mama Maelezo akakaa upande wa ukutani. Bisibisi alibaki amesimama kitambo, anaangalia nafasi iliyobaki, ambayo ilikuwa pale karibu na dada yake. Akakaa. Wakaanza kula.