Udi Juu ya Kidonda

Wiki ya tatu ile Bi Mwanaarabu alikula chakula pindo la leso likiwa puani. Uvundo ulitoka mguuni mwa mumewe, Bwana Haidar, mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, aliyejikwaa kwenye ngazi za nyumba yao ya Wiyoni akachubuka kidole gumba cha mguu. Kidonda alikifunga mwenyewe, na hakutaka mtu akione.

"Hakiniumi," alikuwa akisema. "Kisichouma kimepona."

Nao si watu wa kupokea wageni nyumba ikinuka. Basi Bi Mwanaarabu akawa atia udi chetezoni asubuhi, adhuhuri na alasiri, na asumini akimwaga juu ya mito. Waliokuja kumjulia hali mgonjwa wakaisifu nyumba inavyonukia. Wakiondoka, yeye alirudisha pindo puani. Udi ukichanganyika na uvundo huwa kama papa aliyeoza akanyunyiziwa marashi.

Alhamisi akaja Kagendo, muuguzi wa zahanati. Bwana Haidar alimpokea kwa maneno matamu, mguu chini ya shuka. Kagendo akaacha kijitabu cha kueleza maneno ya hospitali, akaenda zake.

Bi Mwanaarabu alisoma hadi darasa la saba. Alikaa nacho jikoni, akifuata mistari kwa kidole.

*Ganzi: kupotea kwa hisia. Mwenye sukari aweza kuumia asijue. Kutosikia maumivu si dalili ya kupona.*

*Gangrini: kufa kwa nyama ya mwili kwa kukosa damu. Nyama hubadilika rangi, mara nyingi huwa nyeusi, na huweza kunuka. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.*

Akasoma tena. Kagendo alikaa hatua mbili tu kutoka mguu ule, asinuse ila udi. Na udi aliutia nani?

Akamwaga maji chetezoni, akakusanya asumini yote akaitupa.

Alasiri akaingia jirani yao, Bwana Ubaid. Hakufika hata kitini. Alifunika pua kwa mkono wa kanzu, akasema ameitwa nyumbani, akatoka.

Bwana Haidar alimwangalia mkewe. "Bi, udi u wapi?"

"Nimeuzima."

"Waniaibisha mbele ya watu?"

"Kitendawili, Bwana."

"Saa hii?"

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Amekufa, hajaoshwa wala hajazikwa, na mwenyewe alala naye kitanda kimoja."

Bwana Haidar alivuta pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu ajikwae, pua yake haikuwa na kitu cha kunusa ila mguu wake.

"Nakupa mji," alisema pole pole.

"Sitaki mji. Fungua."

Akafungua. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na nyama, kikatoka na ngozi yake. Kidole kilikuwa cheusi, kimevimba kama tende iliyolowa, na kwenye ufa wake vidudu vyeupe vilikuwa vikipanda na kushuka. Bi Mwanaarabu alitapika kwenye beseni. Alipoinua uso, mumewe alikuwa bado akiutazama mguu ule kama wa mtu mwingine.

"Na hakiumi," alisema Bwana Haidar. "Wallahi hakiumi."

"Najua."

Akampigia Kagendo simu, akamwambia alete machela.

"Watakata?" akauliza mumewe.

"Watakata."

"Kidole, au mguu mzima?"

"Hilo kijitabu hakikusema," alisema, akipangusa mdomo. "Inua mguu, niuoshe."