Nilipowekwa Badala ya Sensa

Niliota usiku wa kuamkia leo kwamba gari la Bwana Hiza limeegeshwa sebuleni kwetu, juu ya mkeka, na wageni wamelizunguka wanakula tende.

Sikushangaa. Wageni nilikuwa nawangoja. Leo hii, baada ya swala ya Ijumaa, watu wa Bwana Hiza wanakuja kusikia jibu langu la posa, na kwetu jibu la binti ni jepesi: anaulizwa kama amekubali, akinyamaza, amekubali. Mimi Mombo nzima inanijua kwa kunyamaza. Hata dukani naonyesha kwa kidole. Baba Mdogo Mbaruku, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki, amekwisha nunua mchele wa karamu.

"Asumini," Baba Mdogo akaniambia mle ndotoni. Alikuwa amevaa ovaroli ya gereji juu ya kanzu. "Sensa ya maji ya rejeta imekufa. Itoe, weka nyingine. Tunapanda Lushoto sasa hivi."

Sensa hiyo, kidude cha kupima maji, naijua, maana gereji kwake kazi yangu ni kuosha vipuri. Inakaa chini ya chupa ya maji na ina boya dogo. Maji yakipungua, boya linashuka na taa nyekundu inawaka mbele ya dereva. Lakini kuitoa sharti injini ipoe kwanza.

Nafungua boneti. Injini imejifunga kanga kichwani, miguu imeitumbukiza kwenye beseni, inajipepea.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Usiniguse, bado nina joto."

"Nitangoja."

"Ngoja mbali kidogo. Hapo unanizibia upepo."

Nikangoja. Wageni wakamaliza tende, wakaanza kula kokwa. Injini ilipopoa ilinipa mkono nihakikishe. Ulikuwa baridi kama mtungi.

Nikachomoa plagi ya waya zake, nikaizungusha sensa robo mzunguko, ikatoka. Ilikuwa nzee, ina ndevu za ukoko.

"Ahsante, mwanangu," ikasema. "Mgongo ulikuwa umekufa ganzi."

"Umeharibika nini?"

"Boya limekwama juu. Maji yakipungua sina la kusema. Nikinyamaza, wao wanasema yamejaa. Injini kadhaa zimeungua mimi nipo, nimekaa kimya."

"Hukupiga kelele?"

"Niliona haya."

Nafungua boksi la sensa mpya. Ndani mna karanga. Baba Mdogo anachungulia, anachukua moja, anaitafuna.

"Basi, sensa zimekwisha dukani," anasema. "Utaingia wewe. Umbo lako dogo, tena mtulivu."

Nilitaka kusema kwamba mimi si sensa. Sikusema. Akanipaka grisi mabegani, akanizungusha robo mzunguko, nikaingia.

Ndani ya chupa ni ukumbi mkubwa, mweupe, kuta zinapitisha mwanga kama maziwa yaliyotiwa maji. Ukutani mna mistari miwili. Wa juu, ulio karibu na dari, umeandikwa MWISHO WA JUU. Wa chini umeandikwa MWISHO WA CHINI, nao unanifika kifuani. Maji yenyewe, ya kijani, yananifika kwenye vifundo vya miguu.

Plagi ikaja yenyewe, ikanibana kisogoni. Nikawa nasikia yote ya nje.

"Anasemaje?" mgeni mmoja anauliza.

"Kimya," anajibu Baba Mdogo.

"Alhamdulillahi. Yamejaa."

Vigelegele vikapigwa, na sebule ikaanza kupanda mlima wa Lushoto. Kwenye kona ya kwanza kabati la vyombo likalalia kulia, makochi yakafuata. Bwana Hiza, ambaye ni rika moja na Baba Mdogo, alikaa mbele amefunga mkanda, anakula kashata taratibu.

Maji yakaanza kunichemka vidoleni. Injini ikakohoa.

"We mtoto," ikaniita kupitia kwenye mpira wa maji, "huko ndani maji yapo?"

"Kidogo."

"Sasa mbona husemi?"

"Naona haya."

"Haya uone wewe, niungue mimi?" Ikakohoa tena. "Na ujue, tukifika juu hutoki humo. Sensa ikishakaa mahali pake haitolewi mpaka ife."

Hilo sikulipenda. Nikafungua mdomo.

"Hayajajaa."

Ilitoka sauti ndogo, lakini ikapita kwenye waya. Taa nyekundu ikawaka. Haikuwaka mbele ya dereva, iliwaka kwenye paji la uso la Baba Mdogo.

"Mbaruku, unawaka," mgeni akamwambia.

"Hitilafu ndogo tu. Hizi sensa mpya zinajisikia. Nipe koleo hapo."

Akazikata waya zangu mbili, akazifunga pamoja, kama wafanyavyo mafundi wenye haraka. Taa ikazimika. Wageni wakapiga makofi, na mmoja akasema kweli huyu ndiye fundi.

Hapo ndipo nilipokasirika.

"Hayajajaa!" napiga kelele, bila waya. "Kata tena! Kata mpaka koleo liishe makali! Maji hayajajaa, na mimi sijakubali! Nilinyamaza kwa haya, sikunyamaza kwa kukubali!"

Taa ikawaka tena, na waya zimekatwa vilevile.

"Nyamaza, mtoto! Unaniaibisha mbele za watu!"

"Si ndiyo kazi uliyonipa, Baba Mdogo? Kama unataka kimya, rudisha ile ya zamani!"

Injini ikasimama katikati ya kona. Ikajifunga kanga yake vizuri, ikakaa chini.

"Twende," Baba Mdogo akaiamuru.

"Siendi. Nimemsikia."

"Wewe nani kakuuliza?"

"Hajaniuliza mtu. Ila anayeungua ni mimi."

Bwana Hiza akajipangusa makombo ya kashata kidevuni.

"Sasa mimi namwoa nani?" akauliza.

"Oa sensa ya zamani," mgeni mmoja akamshauri. "Ile haina neno."

Wakaona ni shauri jema. Wakaiweka sensa juu ya mto uliotariziwa, wakaiuliza kama imekubali, wakainama kuusikiliza ukimya wake. Ndani yake boya likaachia, likaanguka, tap.

"Sitaki," sensa ikasema. Ikajishangaa yenyewe.

Nikaamka. Kumekwisha kucha, na sauti imenikauka kama mtu aliyekesha ngomani. Nikatoka uani. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Baba Mdogo amekuja mapema, amekaa kwenye kigoda, chai iko mbele yake na hajaigusa. Kofia yake, ambayo siku zote huivaa kisogoni, leo ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Vua kofia, shemeji, na joto lote hili," mama akamwambia.

"Niache nayo. Kichwa hakiko sawa."

Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua uso.

"Asumini, wageni watafika baada ya swala. Mimi nitakuuliza mbele yao. Wewe utakaa kimya kama binti mwenye adabu zake. Sivyo?"

"Nitasema sitaki, Baba Mdogo."

Nilisema kwa ile sauti ndogo niliyobakiwa nayo. Mama akaacha kuchambua. Baba Mdogo akaishika kofia kwa mikono miwili, lakini alichelewa. Ni kofia nyeupe, ya kitambaa chepesi, na pale mbele, juu ya nyusi, palikuwa na duara jekundu, linawaka.

Nikasema tena.