Ondoa Ndama Kwenye Picha

Kasmiri alifundisha kwa kukataza. Usishike kamera kwa mkono mmoja. Usilielekee jua. Usibadilishe lenzi penye vumbi. Usibonyeze kabla hujakagua pembe zote nne. Sipora aliyapokea makatazo hayo kama mtu anayekabidhiwa funguo za nyumba yake mwenyewe, na mwezi wa sita mwaka ule wa 2007 hakukuwa na msichana Korogwe nzima aliyekuwa na furaha kumzidi.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa mfugaji Metito wa huko ndani, mbele ya Kang'ata, wilayani Handeni. Alipomaliza kidato cha nne alikuja Korogwe, akapanga chumba Kwamndolwa na kupata kazi kwenye duka la fotokopi na picha za paspoti. Kamera ya dukani ilikuwa ndogo, ya kubonyeza tu. Siku Kasmiri alipoingia na ile yake nyeusi, nzito, ya lenzi ya kuchomoa na kuchomeka, isiyotumia filamu na inayokuonyesha picha papo hapo, Sipora aliacha fotokopi za mteja zikimwagika sakafuni.

Kasmiri alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye shati lisilochafuka hata kwa vumbi la barabara ya Handeni. Alisema anaifanyia kazi kampuni ya wawekezaji. Miaka ile ukitamka neno mwekezaji, watu walikupisha kiti.

"Kampuni inataka picha za mandhari ya Handeni," alimwambia Sipora. "Wewe ni mwenyeji, unajua njia na lugha ya wazee. Mimi nakufundisha, wewe unanipigia. Kazi ikiisha, kamera inabaki kwako."

Nani angeuliza picha zinakwenda wapi? Sipora aliuliza jambo moja tu, yaani masomo yanaanza lini.

Yalianza Jumamosi ile ile, kandokando ya mashamba ya mkonge. Picha zake za kwanza zilikuwa aibu tupu. Nyingine zilitoka nyeupe kwa kuzidiwa na mwanga, nyingine zimetikisika, na mama mmoja muuza machungwa alitoka bila kichwa. "Huyu umemchinja," Kasmiri alisema, na wote wawili wakacheka. Alimfundisha kwamba lenzi ikifunguliwa sana, cha mbele hukaa na cha nyuma huyeyuka. Ikifungwa, vyote huonekana, ila inadai mwanga mwingi na mkono uliotulia. Alimfundisha kubana viwiko mbavuni na kutoa pumzi kabla ya kubonyeza. Wiki ya tatu alitazama picha ya mkonge uliopangana mpaka mlimani, akasema, "Una jicho." Kichwa kilimvimba Sipora siku hiyo, na alistahili.

Lakini kila alipopiga picha yenye mtu, Kasmiri alifyonza. Mpita njia, mchanja kuni, hata moshi wa jiko kwa mbali, vyote aliviita uchafu na kuvifuta. "Picha ya mandhari inataka utulivu," alisema. "Akiingia mtu, jicho linamkimbilia yeye." Sipora aliitazama picha tena na kuona kwamba ni kweli. Hilo ndilo linalotia hasira: mtu yule hakumdanganya hata mara moja katika ufundi.

Mwezi wa saba walikwenda kwao kwa gari la kampuni. Sipora aliinamisha kichwa mbele ya baba yake, naye mzee Metito akakigusa kwa kiganja, kama ilivyo desturi ya watu wao. Kisha akaitazama kamera iliyoning'inia shingoni mwa bintiye, akaizunguka, akacheka kwa fahari.

"Hiki ndicho ulichosomea?"

"Ndicho ninachosomea sasa, Baba."

"Basi njoo nikuonyeshe cha kupiga."

Aliwapeleka kwenye alalili. Kila ukoo wa wafugaji wa pale ulikuwa na ya kwake, malisho ya akiba yaliyozungushiwa matawi ya miiba. Tangu mvua za masika mpaka kilele cha kiangazi, kundi halikanyagi humo. Huingia ndama tu, na ng'ombe mgonjwa asiyeweza kwenda mbali. Mzee Metito aliwahi kumtoza ndugu yake wa damu beberu mzima kwa sababu mitamba yake miwili ilipenya humo usiku mmoja. Ndiyo maana mwezi wa saba, nchi yote ikiwa imebaki udongo, nyasi za pale zilifika magotini. Palikuwa kimya na patupu, kwa kuwa palilindwa.

Kasmiri alisimama ukingoni, akazungusha macho taratibu. "Mzee, hapa kuna watu wanaolala?"

"Hapa halali mtu," mzee alijibu, akitabasamu. "Hapa panalala nyasi."

Kasmiri aliliandika jibu hilo kwenye kijitabu chake.

Sipora alisimamisha stendi ya miguu mitatu, akafunga lenzi mpaka nyasi za mbele na mlima wa nyuma vyote vikawa vikali. Ndama kumi na wawili walikuwa wamesambaa katikati, wakila. Alipiga. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na moyo wake ulijua hivyo kabla macho hayajafika kwenye kioo. Ndama mmoja alikuwa ameinua kichwa akimtazama.

Kasmiri aliangalia. "Nzuri sana. Ondoa ndama kwenye picha."

"Ndio waliomo humu siku zote, kaka."

"Sikatai. Lakini jicho litawakimbilia wao."

Sipora alisubiri ndama wasogee. Wakasogea, wakarudi. Alipiga nyingine, na nyingine tena, na katika kila moja kulikuwa na mgongo au mkia. Mzee Metito, aliyekuwa ameegemea fimbo yake, aliona binti yake anahangaika. Mzazi ni mzazi. Alipiga mluzi, akawaswaga ndama wote kumi na wawili mpaka nyuma ya miiba. Kisha, kwa kuwa Kasmiri alisema lile tawi la mlangoni nalo linasumbua, akaliburuta kando kwa mikono yake mwenyewe. Alirudi anahema, jasho linamtiririka.

"Sasa safi?"

"Safi, Baba."

Sipora alitoa pumzi, akabonyeza. Mzee aliinama kwenye kioo kidogo, akaona nyasi, mlima na mbingu.

"Kumbe pako hivi," alisema. "Utadhani mwenyewe amekufa."

Alicheka, lakini hakuna mwingine aliyecheka. Sipora alijishughulisha na kufuta kioo cha lenzi. Jioni, garini, Kasmiri alimwambia kadi imejaa, afute zisizofaa. Alifuta picha ishirini na tatu zenye ndama. Kamera ilimuuliza kwa kila moja kama ana hakika, naye kwa kila moja akajibu ndiyo.

Mwezi wa nane bahasha ililetwa dukani, nakala arobaini, haraka. Sipora aliingiza kurasa mashineni bila kusoma, kwani mtu wa fotokopi hasomi. Lakini ukurasa wa sita ulipotoka, bado una joto, alikutana na mlima wa kwao. Ilikuwa picha yake. Chini yake paliandikwa: *Eneo la wazi, halina makazi wala matumizi. Hekta elfu mbili.* Na chini zaidi, kwa herufi ndogo: *"Hapa halali mtu," mkazi wa eneo.*

Alishika ukingo wa mashine. Mashine iliendelea kutema kurasa, mlima baada ya mlima, mpaka zikatimia arobaini.

Kasmiri alipokuja kuchukua bahasha, alimkuta amesimama nayo kifuani.

"Hapa ni kwetu," Sipora alisema. "Hii ni alalili ya baba. Mnataka kupafanya nini?"

"Hayo ni maneno ya makaratasi tu. Wazee watapata kisima, watapata zahanati. Kampuni itapanda mibono."

"Mbono kaburi? Ile ya kuzungushia makaburi?"

"Hiyo hiyo. Siku hizi inakamuliwa mafuta ya magari." Aliichukua bahasha kwa upole, kidole baada ya kidole. "Mkutano wa kijiji ni Alhamisi. Uje na kamera, tunataka picha ya mkutano. Ndiyo ya mwisho, halafu kamera ni mali yako."

Usingizi ulimpaa siku zile zote. Ndama wasipokuwa na mahali pa kula mwezi wa tisa, hawafiki wa kumi na moja. Hilo alilijua kabla hajajua kusoma. Aliazimia kwenda, na aliazimia kusema.

Mkutano ulifanyika darasani. Wafugaji walikaa upande wa madirisha, wakulima wa Kizigua upande wa mlango, kwa kuwa mashamba yao nayo yalipakana na hekta zile. Mezani walikuwa mwenyekiti wa kijiji aliyeitwa mzee Rehani, mkulima mwenye kofia ya kufuma, karani wa mkutano, na afisa mmoja kijana wa wilaya aliyekuja na gari la kampuni. Ubaoni, kwa pini nne, ilining'inia picha ya Sipora, imekuzwa ikawa na ukubwa wa mlango wa kabati. Watu waliikodolea macho. Ilikuwa inapendeza, na hilo lilimuumiza Sipora kuliko yote.

"Wazee wangu," afisa alisema, "mimi nisiseme mengi. Picha haina upande. Mnaona ng'ombe hapo? Mnaona nyumba?"

Sipora alisimama.

"Shikamooni, wazee. Hiyo picha nimepiga mimi. Palikuwa na ndama kumi na wawili. Tuliwaondoa ili picha ipendeze. Pale ni alalili, panatumika kila mwaka, ndiyo maana panaonekana patupu."

Afisa hakukasirika hata kidogo. "Asante, dada. Picha yenye ndama iko wapi?"

"Nilifuta."

"Ulifuta mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Mzee Metito alinyanyuka kwa fimbo yake. "Binti yangu hasemi uongo. Ndama walikuwapo. Niliwatoa mimi, kwa mkono huu."

"Hakuna aliyekulazimisha, mzee?"

"Nani anilazimishe? Mali yangu, naitoa mwenyewe."

Afisa alimgeukia karani. "Andika. Mwenye mifugo amethibitisha kuwa aliiondoa mwenyewe, kwa hiari yake."

Ilichukua muda watu kuelewa kilichotokea. Walipoelewa, darasa lililipuka. Wafugaji walipiga kelele kwa Kimaasai, wakulima kwa Kizigua, akina mama waliokuwa nje ya dirisha wakasukumana ndani. Mzee Rehani aligonga meza kwa kiganja mpaka kofia ikamkaa upande.

"Nyamazeni! Tutasikilizana mmoja mmoja. Mwenye la kusema anyooshe mkono!"

Mikono ikapaa, darasa zima, wafugaji na wakulima, waume kwa wake. Hata bibi mmoja aliyembembeleza mjukuu aliinua ule usiomshika mtoto. Mzee Metito aliunyoosha wake juu kuliko wote.

"Piga," Kasmiri alimnong'oneza Sipora sikioni. Alikuwa amesimama nyuma yake muda wote.

Kwa mazoea tu, Sipora alipandisha kamera jichoni. Akaona mikono. Kelele zote zilizokuwa darasani hazikuwemo humo ndani. Palikuwa na meza, afisa, picha ya mlima ubaoni, na umati wa watu walioinua mikono mbele yake, hakuna aliyekosa. Mtu wa mbali, mezani kwake, akiletewa picha hiyo angeona kijiji kizima kinakubali.

Aliishusha kamera, akaifunika lenzi kwa kiganja, akapaza sauti yake yote.

"Shusheni mikono! Nawaombeni, shusheni mikono!"

Hakuna aliyeelewa. Wakulima walimtazama, wakatazama kamera ya kampuni shingoni mwake. Mama mmoja alifyonza. "Kumbe ndicho walichomlipia," mtu alisema kwa sauti ya kusikika, na mikono ikabaki juu, ikazidi kunyooka kwa ubishi.

Sipora aligeuka ili amweleze Kasmiri kwamba hatapiga, kamera achukue. Kasmiri alikuwa amekwishapanda juu ya dawati la nyuma. Mkononi alikuwa na kamera ndogo, ya kawaida, ya kubonyeza tu, na alikuwa anatazama kioo chake kwa utulivu ule ule aliokuwa nao siku zote.

"Si lazima iwe nzuri sana," alimwambia. "Mikono yote imo."

Mbele, mzee Metito alikuwa bado anamtazama binti yake. Hakuwa ameiona ile kamera ndogo; alichosikia ni sauti ya mwanawe tu. Taratibu alishusha mkono wake, yeye peke yake katika darasa lote. Aliketi, akakusanya shuka lake mapajani. Zamu yake ilipofika na mzee Rehani akamwita kwa jina, mara ya kwanza na ya pili, hakujibu kitu, kwa kuwa mtoto wake aliyesoma alikuwa amemwambia anyamaze.