Viatu Vilivyomfuata Fundi

Jumanne, saa moja kasoro robo asubuhi, daktari wa meno alivaa soksi, akaenda mlangoni na kukuta viatu vyake vimegeukia mashariki. Jana yake aliviacha vikitazama ukuta, kama kawaida. Hakuwa na muda wa kuchunguza. Alivivaa, akafunga kamba na kutoka akitaka kwenda kushoto, kliniki. Viatu vikaenda kulia. Njiani aliwakuta tarishi, mwalimu mkuu na wafanyakazi wawili wa benki wakielekea upande huohuo, kila mmoja na mkoba wake wa kazini.

"Na wewe vimekuchukua?" tarishi aliuliza.

"Vimenichukua. Chai nimeiacha mezani."

Ilipofika saa nne, watu mia na ushei walikuwa wamefika kwenye uzio wa mpaka, kilomita kumi na moja kutoka mjini. Hapo viatu vilisimama, ncha zikigusa waya. Upande wa pili, juu ya ndoo iliyofudikizwa, alikuwa amekaa fundi viatu.

Wiki moja kabla, mabasi saba yalikuwa yameondoka mjini na watu mia tatu na sita waliozaliwa ng'ambo ya mpaka. Baraza la mji liliamua hivyo kwa kura kumi na tisa dhidi ya kumi na moja. Waliondoka waokaji mikate, wafua nguo wa hospitali, mwalimu wa hesabu, na fundi viatu, aliyekuwa ameishi mjini miaka ishirini na miwili na kuoa hapohapo. Mikate iliadimika. Mashuka ya hospitali yakarundikana mpaka dirishani. Watoto walifurahia kukosa hesabu kwa siku tatu, kisha hata wao wakachoka. Kuhusu viatu, hakuna aliyekuwa amewaza.

Lakini walipomwona fundi, wote walielewa. Alikuwa na mtindo wake wa kazi: hakukabidhi kiatu mpaka mwenyewe akivae na kutembea mara tatu kutoka mlangoni hadi kwenye kigoda chake. "Kiatu lazima kijue njia ya kuja kwangu," alikuwa akisema. "Kisipoijua, kitakufa na ugonjwa wake." Viatu vilikuwa vimejifunza, na katika mji ule hakukuwa na wanafunzi watiifu kuvishinda.

"Daktari," fundi aliita kupitia waya, "bado unakandamiza kisigino cha kulia? Nilikuambia utembee kama binadamu, si kama bata."

"Nikitembea kama binadamu wewe utakula nini?"

Watu walicheka, wakamsalimu kwa zamu, wakarudi mjini pekupeku, viatu kwapani, kwa sababu safari ya kurudi viatu havikuitaka. Kesho yake vikawapeleka tena. Walilalamika kama watu wanavyolalamika maji yakikatika, wakaanza kuamka mapema.

Mke wa fundi alifika kila siku. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na viatu vyake vililijua hilo. Vilikwenda polepole na kusimama kila penye kivuli mpaka apumue. Alitaka jambo moja tu, mume wake awe nyumbani mtoto akizaliwa. Kuvuka yeye asingeweza. Kule wangemwita mgeni, na mtoto angezaliwa bila karatasi za upande wowote. Basi alisimama mbele ya waya, akimwona mumewe kwa macho yake mawili na huku anamkumbuka.

Kaka yake alikuwa karani wa baraza. Ndiye aliyeipiga chapa orodha ya watu mia tatu na sita, akaipanga kwa alfabeti, na shemeji yake akaangukia namba mia moja arobaini. Hakukosea hata herufi moja. Katika miaka kumi na mitano ya ukarani hakuwa amewahi kukosea.

"Dada, mimi niliandika tu nilichopewa," alisema, akiangalia sakafu ya jikoni kwa dada yake.

"Najua, kaka. Hata jina lake umelipatia. Sasa andika na hoja yangu, vizuri hivyohivyo, uipeleke barazani. Mume wangu arudi."

Hoja ilijadiliwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Aliyesimama kuipinga ni Diwani Hoja, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuomba hata chumvi bila kutangaza kwanza kwamba ana hoja.

"Nina hoja," alisema. "Fundi huyu hatumchukii. Viatu vyangu vyote kavishona yeye, hata hivi. Lakini sheria ni msumeno. Na wahenga walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Mlimpa, mheshimiwa," mke wa fundi alijibu kutoka kwenye viti vya wananchi, "na kalilima miaka ishirini na miwili. Wahenga hawakusema siku ya nne afukuzwe."

Ukumbi mzima ulicheka. Diwani Hoja mwenyewe alicheka, akakiri kwamba hiyo kali. Aliinua kidole ili ajibu, lakini viatu vyake vilikuwa vimevumilia vya kutosha. Vilimtoa mlangoni kidole kikiwa bado juu. Karani akachukua daftari akamfuata, kwa kuwa kanuni zinataka kumbukumbu ziandikwe maadamu msemaji hajamaliza.

Diwani alizungumza njia nzima. Alieleza kuhusu ajira, nyumba, nafasi za shule na heshima ya mipaka. Kilomita ya tano hoja zilimwishia, akazianza upya. Kilomita ya saba karani aliuliza ni nani sasa anayeoka mikate. Diwani alisema hilo ni swali zuri na liandikwe. Likaandikwa.

Kwenye uzio fundi aliinama, akatazama.

"Diwani, soli imeachia."

"Naiona."

"Ilete niishone. Dakika tano tu."

Diwani alivua kiatu, akakinyoosha. Waya ule haukupitisha hata kidole. Wakabaki wanatazamana, mmoja na kiatu, mwingine na sindano.

"Hili nalo niandike?" karani aliuliza.

"Hili acha."

Diwani alirudi pekupeku, na malengelenge aliyoyapata yalimfanya afikiri sana. Kesho yake baraza lilipiga kura. Hoja ya mke wa fundi ilishindwa, kumi na tisa kwa kumi na moja, kama mara ya kwanza. Kisha Diwani Hoja akaleta hoja yake, ikapita bila kupingwa. Barabara ya mpakani itiwe lami, pajengwe kibanda na mabenchi, na uzio ukatwe tundu moja la huduma, litumike kila Jumamosi, saa tatu hadi saa kumi. Karani alitumwa akalipime tundu kwa kiatu kikubwa kuliko vyote mjini, cha golikipa. Mlinzi wa mpaka alisisitiza kwamba kichwa kisipite.

Mke wa fundi alilia barabarani, mchana kweupe, bila kujificha. Viatu vyake vilimsubiri amalize, kisha vikampeleka kwa mumewe.

Tangu hapo Jumamosi zikawa siku za furaha. Viatu vikaridhika na safari moja kwa wiki, na watu wakaenda na chupa za chai na magazeti, wakatengenezewa visigino na kutaniwa kuhusu mwendo wao. Mwalimu wa hesabu naye akaanza kuja upande wa pili, na watoto waliofikishwa pale na viatu vyao hawakuwa na pa kuponyokea. Diwani Hoja alisema kila mara kwamba sera imefanikiwa. Soli zake zilikuwa imara.

Mtoto alizaliwa Jumatatu, msichana. Wiki ya tano mama yake alipanga foleni naye, namba kumi na saba. Karani alimshikia mwavuli.

"Tundu ni la viatu tu, mama," mlinzi alisema.

"Najua. Mteja amekuja kupimwa."

Mlinzi alitoa kanuni mfukoni, akazisoma taratibu. Ziliandikwa: viatu, pamoja na vipimo vyake. Maneno manne ya mwisho hayakuwemo katika azimio la baraza. Karani alikuwa amekosea kunakili.

"Sawa," mlinzi alisema. "Apimwe."

Mama alipitisha mguu mdogo kwenye tundu, soksi imevuliwa. Fundi alifuta mikono yake kwenye aproni, mara mbili, akaupokea. Aliuzungushia uzi, akaweka fundo kwenye kipimo, akasema binti ana mguu mzuri, akaurudisha kwa mama. Kisha akaomba wa kulia, maana miguu ya mtu haifanani kamwe, fundi yeyote anajua. Diwani Hoja, namba kumi na nane, alisema yeye hana haraka.

Fundi akaupima wa kulia. Halafu akaomba tena wa kushoto, ahakikishe.