Sala Kabla ya Karata

Usiku wa kuamkia leo niliota nimechelewa darasa la jioni. Naingia nikiomba radhi, namkuta mwalimu amegeuka mfalme wa shupaza, yule wa kwenye karata, taji kichwani, chaki mkononi. Madawati yameungana yakawa meza moja ya duara yenye kitambaa cha kijani. Nikaketi mahali pangu pa siku zote.

Wachezaji walikuwa wawili. Mmoja ni Elisante Mringo, yule mcheza poka ambaye magazeti yalisema anaona karata za wenzake kupitia mgongoni. Alifungiwa miaka mitatu. Mfalme akanieleza kwamba leo ndiyo siku yake ya kurudi, na akishikwa tena na kosa la macho, hatagusa karata mpaka anazikwa. Wa pili ni Bwana Mkumbwa, ndiye aliyemshtaki mara ya kwanza.

Mimi kamari siichezi. Lakini kwetu hakuna shughuli inayoanza bila sala, na kila jioni darasani kazi hiyo huniangukia mimi. Karata zilipokwisha kugawiwa, nikasimama nikasema tuombe. Nikaombea wagonjwa, wasafiri, wajane na mtihani wa hesabu.

Niliposema amina, tukakuta karata zote zimelala chali mezani. Nazo zilikuwa zikisali, nyuso zimeelekea mbinguni. Zikajinyoosha, zikarudi kifudifudi.

Elisante akasema anaweka vyote. Kwenye meza ile ukisema vyote ni vyote. Vikaja viatu vyake, mabati ya nyumba, mbuzi, kitanda, na mwisho mama yake mzazi, ameketi juu ya meza na ungo wa maharage anayachambua. Akamuuliza mwanawe kama amekula.

"Nimekula, mama."

"Hajala tangu jana," kikasema kitanda.

Karata zikafunuliwa. Elisante ameshinda. Bwana Mkumbwa akasimama, akasema mtu huyu amechungulia wakati wa sala, karata zikiwa wazi.

Mfalme akaziuliza karata. Bibi wa uru akajibu kwamba wao walikuwa wakitazama juu, wameona dari tu, na dari inavuja. Mfalme akauliza ni nani aliyemwona Elisante amefumba macho. Tungemwonaje, na sisi tulikuwa tumefumba? Mfalme akachukua muhuri wa kufungia. Yule mama akaacha kuchambua.

Miaka ishirini nafundisha watoto wa shule ya Jumapili kwamba macho hayafumbuliwi kabla ya amina. Nikanyoosha mkono kama darasani.

"Alifumba, Mheshimiwa."

"Umejuaje, mama?" mfalme akaniuliza.

"Nilichungulia."

"Wakati wa sala?"

"Kwenye wajane. Nilitaka kuona kama mmechoka."

"Tulikuwa tumechoka?"

"Sana. Lakini Elisante alikuwa amefumba mpaka paji la uso limekunjamana. Hata Bwana Mkumbwa anajua, maana macho yetu yaligongana."

Bwana Mkumbwa akatazama kitambaa cha kijani. Akakiri kwamba ni kweli, tuligongana.

Mfalme akautafuna muhuri, akaumeza. Karata zikapiga makofi. Yule mama akateremka mezani akipiga vigelegele, maharage yakamwagika, mbuzi akayafuata. Elisante akanishika mikono tukacheza kuizunguka meza, kitanda nyuma yetu kikiruka kwa miguu yake minne, na mimi nacheka mpaka kilemba kinanidondoka.

Nikaamka, kumepambazuka.

Nikapika chai na chapati, nikamwita mume wangu, tukainamisha vichwa nibariki chakula. Jicho la kushoto likafumba. La kulia likakataa. Nikalishusha kwa kidole, likapanda tena, jeupe, zima, halina hata ukavu. Basi nikasali hivyo hivyo, na wakati nawaombea wasafiri nikamwona mume wangu, mzee wa kanisa mwaka wa kumi na saba huu, anaivuta taratibu kwake chapati iliyo kubwa.

Sikumwambia neno. Ningesema nimeonaje?