Ufunguo wa Teveth

Lyle alifukuzwa msimu wa tatu wa tamthilia. Aliingia akikung'uta theluji viatuni, hata koti hajavua, akasema, "Jamani, Sile anakufa leo. Nimeona mtandaoni."

Wendell Haugen akanyanyuka, akaufungua mlango wazi, baridi yote ya mji wa Duluth ikaingia ndani.

"Toka."

"Wendell, bwana, ni televisheni tu!"

"Ni televisheni yangu. Toka."

Wakanuniana miaka minne, na nyumba zao zimepishana milango mitatu. Kesho yake Wendell akabandika karatasi kwenye friji: MTOBOA SIRI HANYWI KAHAWA HAPA.

Tangu hapo walibaki Wendell, mkewe Darlene, na Orrin Kaukola, aliyeendesha gari la kusukuma theluji la manispaa mpaka magoti yakamkataa. Kila Jumapili jioni walikaa mbele ya tamthilia yao, *Mnara wa Chumvi*, na bakuli la bisi, na ikiisha kila mmoja anatoa alama juu ya kumi. Wendell hakuwahi kutoa kumi. Hata ile sehemu ya vita vya barafu, ambayo watu walilia nayo, aliipa nane, akasema farasi walikuwa wachache.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa Teveth, yule mpiga upanga aliyekimbia na ufunguo wa mnara msimu wa pili, akawaacha watoto wamefungiwa ndani.

"Msaliti," Orrin alisema kila wiki.

"Atarudi kuwafungulia."

"Miaka mitano hajarudi! Kaenda kununua sigara?"

"Wewe kichwa kigumu, Orrin. Ulimwangalia macho wakati anaondoka? Ulikuwa unatafuta chumvi ya bisi."

Halafu Wendell akashikwa na saratani ya kongosho. Kitanda kikahamishiwa sebuleni. Akatoa amri moja tu, kwa daktari, kwa Darlene, kwa kila aliyeingia: asihesabiwe siku. "Sitaki kujua ni lini. Nitaangalia mpaka mwisho kama watu wengine." Na sehemu ya mwisho kabisa ya tamthilia ilikuwa inakuja Jumapili.

Alhamisi asubuhi Darlene akampigia Orrin simu. "Shemeji, daktari anasema labda Jumamosi. Usimwambie."

Orrin aliegesha pikapu nje ya duka la vyakula, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote. Akaingia kule mtandaoni wanakobishania mashabiki. Mtu alikuwa ameweka picha za kurasa nne za sehemu ya mwisho, eti zimeibwa kwa waandishi. Teveth anautupa ufunguo baharini. Watoto wanakufa. Chini yake watu mia tatu wanatukanana.

Cha kwanza Orrin alichosikia moyoni kilikuwa furaha. *Nilisema mimi!* Wendell kitandani alimjia akilini baadaye.

Alipofika, Wendell alikuwa amefumba macho. Midomo imemkauka.

"Wendell. Unataka kujua Teveth anafanyaje?"

Jicho moja likafunguka. "Jumapili nitaona."

"Najua. Lakini ikiwa..."

"Ikiwa nini?"

Orrin akainama karibu naye. Akasema haraka, kama mtu anayetema kiazi cha moto: "Anautupa baharini. Watoto wanakufa wote."

Wendell aliangalia dari. Nje gari lilipita likisaga barafu.

"Mwite Darlene," akasema.

"Wendell, nilidhani..."

"Mwite akutoe."

Jumamosi ikapita, Wendell mzima. Jumapili jioni Orrin akaenda na mfuko wa bisi. Darlene akamfungulia kidogo, glavu za oveni mikononi, harufu ya viazi na nyama ya kusaga nyuma yake.

"Amesema hapana, shemeji."

"Hata nikikaa jikoni?"

"Hata jikoni."

Orrin akaona viatu vizito vya Lyle kwenye mkeka, vinachuruzika maji.

Alikaa ndani ya pikapu saa nzima, akitazama pazia likibadilika rangi. Karibu na mwisho akasikia kelele za watu wawili, na ya tatu nyembamba, iliyopasuka, ambayo aliijua. Akafungua simu. Kurasa zile zilikuwa za uongo, kuna mtu alijitungia. Teveth amerudi. Amefungua mlango. Wengine wanaandika ndio mwisho mbovu kuliko yote, wengine wanalia.

Jumatatu akarudi, na safari hii Darlene akampisha.

"Ulikuwa uongo!" Orrin alisema kabla hajakaa. "Ulishinda wewe, ndugu yangu. Sikuharibu kitu!"

Wendell alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Orrin.

"Teveth hanijalishi. Darlene alikuwa ananidanganya vizuri. Daktari anazungusha maneno. Wote walijitahidi." Akapumua. "Wewe ukaja Alhamisi kunitobolea ya Jumapili. Mtu hufanya hivyo kwa nini, Orrin? Nina kansa, akili ninayo."

"Niliogopa hutaiona."

"Na ulitaka kushinda."

Orrin akavuta kiti karibu na kitanda.

"Tangu Alhamisi nahesabu. Ulinipa hesabu niliyoikataa." Akageuza uso ukutani. "Haya, nenda."

Alikufa Jumatano ya wiki iliyofuata. Kabla ya hapo Orrin alikuwa amekwenda mara mbili, akarudishwa mlangoni.

Baada ya mazishi watu walikula kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, nyama ya nguruwe na viazi, kahawa kwenye vikombe vya karatasi. Lyle alikuja na sahani yake, akaketi mbele ya Orrin.

"Wendell aliipa kumi," Lyle akasema. "Unaamini? Kumi! Wewe uliipa ngapi?"

"Sijaiangalia."

Mdomo wa Lyle ulikuwa umeshafunguka kuendelea. Akaufunga. Alimtazama Orrin, kisha akaitazama sahani yake.

"Basi sisemi kitu," akasema. Akaichukua sahani, akaenda kukaa meza nyingine.